Beta-glukani ya pakiti, uyoga na uji: kipi kinasaidia kinga ya mwili kweli? (Wa Mwanza tukutane hapa)

#1 BintiNyegezi

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo habari za saa hizi.

Mama mkwe wangu yuko Buhongwa, ana kisukari na presha, anahudhuria kliniki vizuri tu. Majuzi alialikwa semina ya afya ukumbini huko mjini, akarudi na boksi la pakiti ndogo ndogo za unga wa kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Boksi sh. 120,000 na linaisha ndani ya mwezi. Nimesoma ubavuni: beta 1,3/1,6-glukani ya hamira miligramu 250 kwa pakiti, vitamini C, sukari na ladha ya chungwa. Aliyemuuzia kamwambia inaamsha askari wa mwili, inasafisha damu, inatibu sukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume (mama ni mjane, umri umekwenda, sijui hiyo ya mwisho aipeleke wapi). Eti akimaliza maboksi matatu aanze kupunguza vidonge vya hospitali.

Mume wangu anasema nisijitie, mama ni mtu mzima. Lakini anayeamka naye alfajiri kwenda kliniki ni mimi. Naomba kujua: hii beta-glukani ipo kweli au ni maneno ya biashara? Na kama ipo, haipatikani kwenye chakula chetu cha kawaida tukaokoa hiyo laki na ishirini?

#2 MzeeWaMwaloni

Marahaba mwanangu. Mimi nikishasikia "inasafisha damu" pochi inajifunga yenyewe. Ngoja waje wenye fani, nimeshika siti ya mbele.

#3 AfyaKwanza

Dada, usimkatishe mama tamaa kwa kitu usichokijua. Hii ni lishe, si dawa, haina kemikali. Wajapani wanaitumia hospitalini kwa wagonjwa wa saratani tangu 1985, sisi huku ndio kwanza tunaamka. Kinga ikiwa imara magonjwa yanakimbia yenyewe. Nina shuhuda za watu wa Igoma, Ilemela mpaka Ukerewe. Njoo inboksi nikupe bei ya jumla, na ukiingiza watu wawili boksi lako unapata bure.

#4 Kitundu

Wawili chini yako, na wawili wawili chini yao. Tunaijua hiyo ngazi, juu huwa ameshakaa mtu.

#5 MaabaraKona

BintiNyegezi, nimesomea sayansi ya chakula, ngoja nikae nikujibu vizuri.

Beta-glukani ipo, si jina la kutungwa. Ni mnyororo mrefu wa glukosi. Wanga wa ugali nao ni mnyororo wa glukosi, ila vifungo vyake mwili unavikata na sukari inaingia kwenye damu. Vifungo vya beta binadamu hatuna kimeng'enya cha kuvikata. Kwa hiyo inateremka hivyo hivyo mpaka utumbo mpana, na huko wanaoila ni bakteria.

Wauzaji wanapotuchanganyia ni hapa: ziko beta-glukani za namna mbili kubwa, na zinashirikiana jina tu kama mafuta ya taa na mafuta ya kula.

Ya kwanza ni ya nafaka, hasa shayiri na oti, vifungo vyake ni 1,3 na 1,4. Sehemu yake kubwa inayeyuka kwenye maji na kuleta utelezi. Ukipika uji wa oti ukauona unavutika kwenye mwiko, ndiyo yenyewe unaitazama. Utelezi huo unazishika asidi za nyongo utumboni, zinatoka na choo, ini linalazimika kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu ili litengeneze nyingine. Hili limethibitishwa kiasi kwamba mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu tangu 1997 liandikwe kwenye pakiti za oti, kwa kiwango cha gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Vile vile inapunguza kasi ya sukari kupanda baada ya kula. Kwa mgonjwa wa kisukari na presha, hii ndiyo yenye maana zaidi, na wala siyo iliyoko kwenye boksi la mama.

Ya pili ni ya hamira na uyoga, vifungo 1,3 na 1,6. Hii ndiyo inayosemwa kwenye kinga, na chanzo cha maneno hayo ni sayansi ya kweli. Fangasi wana beta-glukani kwenye kuta za seli zao, sisi hatuna. Mwili ukiigusa unajua kuna mgeni. Mwaka 2001 Gordon Brown na Siamon Gordon wa Oxford walikionyesha kipokezi kinachoitambua, kinaitwa Dectin-1, kimekaa juu ya seli nyeupe zile zinazomeza vijidudu. Kipokezi kikiguswa, seli inachangamka.

Je, ukiinywa kwenye glasi ya maji ya chungwa? Hapo ushahidi unaanza kuchechemea. Slovakia, utafiti uliochapishwa 2013, watoto wanaougua kifua mara kwa mara walipewa sharubati ya beta-glukani ya uyoga mamama pamoja na vitamini C, wenzao vitamini C peke yake. Asilimia 36 ya waliopata uyoga hawakuugua kabisa wakati wa matibabu, wenzao asilimia 21. Ujerumani, mwaka huo huo, watu wazima wanaoshikwa na mafua kila mara walipewa miligramu 900 za hamira kwa siku, mafua yakapungua kwa kama robo. Uingereza 2012 walijaribu miligramu 250, kiwango cha boksi lako, na idadi ya mafua haikupishana kwa maana yoyote na ya wale waliokunywa unga mtupu. Nyingi ya tafiti hizi zimefadhiliwa na watengenezaji wenyewe.

Angalia tunachojadili hapo: mafua na kikohozi. Hakuna aliyeponya kisukari.

Umoja wa Ulaya uliruhusu beta-glukani ya hamira iingie kwenye vyakula mwaka 2011, maana haidhuru. Lakini kuandika kwenye pakiti kwamba inaongeza kinga hawajaruhusu mpaka leo.

Na wewe AfyaKwanza, hiyo ya Wajapani ni lentinani, inatoka kwenye uyoga wa shiitake. Ni kweli ilipitishwa 1985. Ilikuwa inadungwa kwenye mshipa, pamoja na dawa za saratani ya tumbo, chini ya daktari. Uliwaambia hivyo watu wa Ukerewe?

#6 MzeeWaMwaloni

Nimehama siti ya mbele nimepanda jukwaani kabisa.

#7 NesiWaZamu

Nichangie upande wa wodini. Dada, beta-glukani ya boksi hilo yenyewe haiwezi kumuua mama. Kitakachomuua ni hayo maneno ya "punguza vidonge". Tunawapokea hapa Mwanza, mtu kaacha metformini ya sukari na dawa ya presha kwa sababu ya chupa ya kitu fulani, anakuja kabebwa, nusu ya mwili haifanyi kazi. Ndugu wanasema "alikuwa anaendelea vizuri". Vizuri kwa kipimo gani? Hakuna aliyempima.

Pili, pakiti ina sukari ndani na anauziwa mgonjwa wa sukari. Nimecheka halafu nikakasirika.

Tatu, kuna watu ambao kinga yao haitakiwi kuchokozwa: aliyepandikizwa figo, mwenye lupasi (kinga inayoushambulia mwili wenyewe), yeyote anayetumia dawa za kutuliza kinga. Hao waulize daktari kabla ya unga wowote unaojitapa kuamsha askari. Na anayetumia ARV aendelee na ARV. Kirusi kinashushwa na ARV, si na hamira.

Halafu mtu akiugua ugua ovyo, kabla hatujaanza kusema "kinga imeshuka" tupime: sukari, VVU, makohozi kwa kifua kikuu, wingi wa damu, na kwa sisi tunaokanyaga maji ya ziwa, kichocho. Vipimo vyote hivyo havifiki bei ya maboksi hayo matatu.

#8 MstaafuKiwandani

Nimefanya kazi ya kupika bia miaka mingi, nisaidie kidogo maana najua kuna mtu ataleta hoja ya bia hapa.

#9 Kitundu

Nilikuwa naandika hapa hapa. Bia ni shayiri, bia ni hamira. Beta-glukani zote mbili kwenye chupa moja. Mkuu naomba usiniangushe.

#10 MstaafuKiwandani

Nakuangusha. Kwetu sisi beta-glukani ni adui. Ikibaki nyingi kwenye maji ya kimea yanakuwa mazito, hayachujiki, mitambo inaziba, zamu nzima mnakesha mnabembeleza chujio. Ndiyo maana shayiri inaloweshwa na kuoteshwa kwanza iwe kimea: inapochipua inatoa vimeng'enya vyake vya kuikata hiyo beta-glukani. Wengine kwenye sufuria kubwa wanaupumzisha mchanganyiko kwanza kwenye nyuzi joto 45 hivi ili vimeng'enya vimalizie kazi. Kinachofika kwenye chupa ni masalia.

Hamira nayo inatuama chini ya tangi na kuondolewa, kisha bia inachujwa ing'ae. Hiyo hamira chafu ndiyo mali, huko duniani kuna viwanda vinaichukua na kuchomoa beta-glukani ndani yake. Huku kwetu inaenda kwa wafugaji, kama machicha yanavyoenda kwa ng'ombe. Kwa hiyo ukitaka kinga ya bia, muonee wivu nguruwe.

Na pombe nyingi inashusha kinga, hilo Nesi atakuthibitishia.

#11 Kitundu

Nimeondoka na huzuni. Basi hamira ya maandazi je, nikikoroga kijiko kwenye maji?

#12 MaabaraKona

Usifanye hivyo. Hamira ya dukani iko hai, itakujazia gesi ujute. Na ukuta wake ukiwa mzima beta-glukani imefungiwa humo ndani. Viwandani wanapasua seli, wanaosha protini na mafuta, ndipo wanabaki na unga ule. Kwenye andazi hamira ni chembe tu, ngano ndiyo imejaa.

#13 MamaUyoga

Habari zenu. Mimi nalima uyoga mamama huku Kisesa, sina elimu ya Dectin ila uyoga naujua.

Natumia mabua ya mpunga na maganda ya mbegu za pamba, nalowesha, nachemsha kwenye pipa, napoza, napandikiza mbegu kwenye mifuko, nalaza gizani mpaka mfuko wote uwe mweupe kama umepakwa chokaa. Nikitoboa na kunyunyizia maji, siku chache tu vinachomoza vichwa. Kuvuna kuna wakati wake: kofia ikiwa bado imejikunja kingo zake kwa chini, hapo vuna. Ukisubiri kingo zigeuke kuangalia juu, uyoga unaanza kumwaga unga mweupe, asubuhi unakuta umetanda mpaka kwenye vichanja. Unga huo ukiuvuta kila siku kifua kinabana. Mimi siingii bandani bila barakoa. Hapo ndipo ninapowashangaa wanaosema kitu kikiwa cha asili hakina madhara, uyoga huu huu unaoliwa kwa afya unaweza kumlaza mkulima wake.

Kupika: msiuchemshe mkamwaga maji. Chana kwa mkono kufuata mistari, usikate. Weka kwenye sufuria kavu bila mafuta, utatoa maji yake wenyewe, acha yakauke, ndipo vitunguu, nyanya, na mwisho karanga za kutwanga kama tunavyofanya Usukumani. Mashina wengi wanayatupa kwa kuwa magumu, mimi nayakata vipande vyembamba nayatanguliza motoni.

Robo kilo natoa sh. 3,000. Wenye kutaka tuwasiliane, ila siahidi nguvu za kiume.

#14 MaabaraKona

MamaUyoga umenifurahisha. Niongezee mawili matatu. Shina ulilolitetea lina nyuzinyuzi nyingi kuliko kofia, na beta-glukani ni sehemu ya nyuzinyuzi hizo, kwa hiyo wanaotupa wanatupa walichokifuata. Kupika hakuiharibu, inastahimili moto. Na uyoga ukichanwa ukaanikwa juani kabla ya kupika, matumbo yakiangalia juu, unatengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua.

Hesabu kidogo: uyoga mbichi ni maji kwa asilimia kama 90. Gramu 100 zinabaki gramu 10 kavu, na hata tukikadiria kwa ubahili asilimia 15 iwe beta-glukani, ni gramu moja na nusu. Pakiti ya mama ina robo gramu. Sitasema ni sawa kwa sawa, maana ya uyoga imeshikamana na kaitini, ile nyuzi ngumu ya ukuta wa fangasi, ya pakiti imeshasafishwa, na waliofanyiwa utafiti walipewa iliyosafishwa. Lakini anayeniambia chakula chetu hakina beta-glukani mpaka tununue ya semina, hapo simkubalii.

#15 MzeeWaMwaloni

Ule wa porini unaoota kwenye vichuguu mvua zikianza je? Mtamu kushinda nyama ule.

#16 MamaUyoga

Mzee wangu, ule ni mtamu kweli, ila aokote anayeujua tangu utotoni, tena amwonyeshe mtu mzima mwingine kabla haujaingia jikoni. Kila masika kuna nyumba inalia kwa sababu ya uyoga wa kubahatisha.

#17 Mwanamichembe

Swali kwa Maabara. Sisi huku Misungwi tumekulia uji wa ulezi, uji wa mtama, togwa, michembe na matobolwa. Zote hizo hazina beta-glukani?

#18 MaabaraKona

Kidogo sana. Ulezi, mtama, mahindi na mchele beta-glukani yao haifiki ya shayiri au oti hata kwa mbali. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu, na muhogo vile vile, hazimo kabisa kwenye hesabu hii. Mlenda nao una utelezi lakini ni utelezi wa namna nyingine.

Ila usiuache ulezi kwa sababu hiyo! Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, nafaka nyingine hazifui dafu. Na togwa ina kesi yake nzuri sana. Miaka ya 1990 hapa hapa Tanzania walilinganisha watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa na waliopewa uji wa kawaida, vijidudu vya kuharisha vikaonekana kwa nadra zaidi kwenye choo cha wale wa uji uliochachuka. Hapo kinachofanya kazi ni asidi ya bakteria wa kuchachusha. Mtoto wa Misungwi anayekunywa togwa safi ana ushahidi mzuri kuliko boksi la laki na ishirini, basi tu togwa haina semina ukumbini.

#19 MjukuuWaRufiji

Assalam aleykum. Mnataja shayiri kama kitu cha ugenini, kumbe mtaani kwetu Rufiji Ramadhani haiishi bila supu yake. Nenda maduka ya viungo mjini, omba shayiri nzima iliyokobolewa, si unga. Loweka usiku kucha. Asubuhi weka na nyama ya mbuzi yenye mfupa, mdalasini, pilipili manga, kitunguu, moto mdogo mpaka punje zipasuke na supu iwe nzito yenyewe bila kuweka unga. Bibi alikuwa anatugombeza tukimwaga maji ya kulowekea, anasema nguvu iko humo.

#20 MaabaraKona

Waaleykum salaam. Bibi alikuwa mwanasayansi. Beta-glukani inayoyeyuka inaanza kutoka kwenye maji hayo. Na shayiri ina uzuri mmoja kuipita oti: beta-glukani yake imesambaa punje nzima, ukikoboa inabaki. Ya oti imejaa zaidi kwenye pumba za nje.

Kwa mama mkwe, bakuli la shayiri nzima badala ya uji laini wa unga mweupe ni jambo ambalo hata kliniki watalipenda. Aanze kidogo kidogo, tumbo lisilozoea litanguruma. Na anywe maji.

#21 BintiNyegezi

Wakubwa asanteni, nimesoma yote kwa utulivu. Nimekaa na mama jana. Sikumwambia ametapeliwa, maana aliyemuuzia ni mwenzake wa kwaya, na hapo ukigusa umegusa undugu wa miaka. Nikamuuliza tu anajisikiaje, akaniambia mwenyewe kwamba vidonge vya jioni ameshaviacha "apishe lishe ifanye kazi". Mwili ulinisisimka. Tumepima sukari palepale kwa kile kimashine, imepanda.

Tumekubaliana hivi: boksi alilonunua ni lake, akitaka ale, akitaka amgawie mjomba. Vidonge vinarudi vyote, na Jumatatu tunakwenda kliniki tukiwa na boksi mkononi, daktari alione. Mume wangu aliposikia habari ya vidonge alinyamaza, kisha akaenda mwenyewe kuulizia shayiri. Pesa hawarudishi, nilipiga simu nikaambiwa "mzigo ukifunguliwa ni wako".

#22 NesiWaZamu

Umefanya la maana kumuuliza kabla ya kumhukumu. Na kwenye boksi angalieni kama kuna alama ya TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 chakula kiko kwao, dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa. Anayesema bidhaa ni lishe ili akwepe TMDA, halafu mdomoni anatibu sukari, anachezea pande zote mbili.

#23 AfyaKwanza

Nyie wasomi mnapenda kupinga. Mbona hamuwaambii watu kuhusu kinga iliyofundishwa? Maprofesa wa Uholanzi wamethibitisha beta-glukani inafundisha seli nyeupe zikumbuke adui. Tafuteni.

#24 MaabaraKona

Nimefurahi umelileta, maana hilo ni tamu kweli. Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen walilipa jina hilo mwaka 2011. Zamani tuliamini kumbukumbu ya kinga ni ya seli za kingamwili tu. Wao wakaonyesha kwamba hata zile seli za kumeza ovyo ovyo zinaweza kubadilika na kujibu kwa nguvu zaidi mara ya pili. Beta-glukani ni moja ya vitu walivyotumia, kingine ni BCG, chanjo ile ya kifua kikuu watoto wanayodungwa wakizaliwa, iliyotuachia wengi kovu begani. Lakini kazi ya beta-glukani kwenye hilo zaidi ni ya seli zilizooteshwa maabara na panya waliodungwa. Kutoka hapo mpaka pakiti ya chungwa ya Buhongwa ni safari, na nauli haijalipwa.

Nikupe mfano wa nyumbani. Miaka ya 1990 hapa Mwanza ulifanyika utafiti wa kutibu magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya ili kuona kama maambukizi mapya ya VVU yatapungua. Jamii 12, wakazipanga jozi jozi, sita zikapata huduma iliyoboreshwa na sita zikasubiri. Matokeo yakatoka 1995: maambukizi mapya yalipungua kwa kama asilimia 40. Dunia nzima ikashangilia. Halafu ng'ambo ya ziwa, Rakai na Masaka, Uganda, wakajaribu kwa njia zao, na VVU haikupungua. Wataalamu wamebishana kwa miaka kwa nini. Huo ulikuwa utafiti mkubwa, wa maelfu ya watu, na bado haukujirudia. Sasa wewe unaniletea shuhuda za Igoma.

#25 AfyaKwanza

Sawa bwana. Muda utaongea.

#26 Kizimba_Ilemela

Wakuu samahani kwa kuuchepusha uzi. Nafuga sato kwenye vizimba ziwani, na muuza chakula cha samaki ameniletea kichanganyio, eti beta-glukani ya hamira, samaki hawafi. Baada ya kusoma hapa nimeingia wasiwasi. Naye ni yule yule wa semina?

#27 MaabaraKona

Utashangaa, kwa samaki hoja ina miguu zaidi kuliko kwa mama mkwe. Samaki wanategemea sana kinga ile ya kuzaliwa nayo, zile seli za kumeza, kuliko sisi, na ndiyo beta-glukani inayoigusa. Kwenye ufugaji wa samaki imetumika kwa miongo kadhaa, na kwa sato zipo tafiti nyingi zinazoonyesha vifo vya bakteria vikipungua. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni kama gramu moja kwa kilo ya chakula. Koroga na mafuta kidogo ya kula ishike kwenye chembe, la sivyo inaishia majini unalisha ziwa.

Usilishe mwaka mzima mfululizo, kinga inachoka. Wape kwa vipindi, hasa kabla ya kuhamisha vifaranga kuwapeleka kizimbani, maana safari na kubanana ndivyo vinavyowavunja.

Lakini unajua mwenyewe kinachoua samaki wa vizimba kwa mkupuo. Maji ya chini yasiyo na hewa yakipanda, alfajiri unakuta weupe umetanda. Hapo hata uwape gunia la beta-glukani haisaidii, samaki anataka oksijeni. Punguza idadi kwenye kizimba, pima hewa ya maji kabla jua halijatoka, na wakianza kufa wakiwa na macho yaliyotokeza au wanazunguka zunguka, peleka sampuli TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, au waulize wataalamu wa chuo cha uvuvi Nyegezi kabla hujanunua chochote.

#28 Kizimba_Ilemela

Nimekupata mkuu. Nina vizimba viwili vya ukubwa mmoja, vifaranga vinatoka kwa mzalishaji mmoja. Nikiweka kimoja na kingine niache?

#29 MaabaraKona

Hivyo hivyo. Chakula kingine chote kifanane, idadi ifanane. Anayehesabu waliokufa asijue kizimba kipi kina kichanganyio, mwachie mlishaji peke yake siri hiyo. Andika kwenye daftari kila asubuhi, hata siku ya sifuri. Ukivuna pima na uzito, maana kichanganyio kinagharimu na faida lazima ionekane kwenye mzani. Kisha fungua uzi wako hapa, uweke namba zote, hata zikiwa mbaya.

#30 MzeeWaMwaloni

Mkivua mniletee sato mmoja mmoja wa kila kizimba. Mimi siambiwi kipi ni kipi, napima kwa ulimi.